Tangi la Baba Kiyama

1

Zebedayo Kalinga alikuwa mtu wa kuamka na habari mbaya. Wengine huamka na kikohozi, wengine na njaa. Yeye aliamka akijua ni kitu gani kitaharibika siku hiyo, na kabla hajanawa uso alikuwa amekwisha kumwambia mkewe. Mama Onesmo alikuwa na jibu moja kwa yote. Alisema, "Haya, kunywa uji kwanza," na mwisho wa dunia ukaahirishwa mpaka uji uishe.

Mji wa Lwangu ulikuwa umemzoea. Ulimwita Baba Kiyama, kuanzia watoto wa shule mpaka mchungaji, na mwenyewe alikwisha kulipokea jina hilo hata akalitumia kwenye simu ya waya ya mji. "Kiyama hapa," alisema akiinua simu, "nani mwenzangu?" Hakuona kichekesho ndani yake. Kwake lilikuwa jina la kazi, kama fundi au mwalimu.

Kazi yenyewe ilikuwa kulinda tangi. Lilikuwa tangi la lori, refu, la chuma, lililoketi juu ya matofali nyuma ya sheli ya zamani. Alilipandisha mlima yeye mwenyewe enzi za udereva wake, na lilikuwa la mwisho kupanda. Mwenye mzigo alifilisika kabla mzigo haujafika, mpaka wa nchi ukafungwa, na tangu hapo meli za mafuta zikawa habari za kusimuliwa. Malori mengine yaliyokwama Lwangu yalibadilishwa kazi: hili likawa darasa, lile vyumba vya kupanga, jingine likajazwa udongo na kupandwa vitunguu. La Zebedayo peke yake ndilo lililobaki na mzigo wake, dizeli tupu, koki zote zimefungwa kwa waya na lakiri, likingoja siku ya mwisho.

Siku ya mwisho ni ipi, aliijua yeye. Mwaka ambao jua liliunguza mahindi, watu walimwomba dumu moja tu la kuendeshea pampu. Akasema si leo. Daraja lilipobomoka wakamwomba la trekta. Akasema hili ni daraja tu, subirini muone. Watu walinung'unika, kisha wakamwagilia kwa ndoo na kujenga daraja kwa mikono, na jioni wakalala usingizi mzuri kwa sababu tangi lilikuwa bado limejaa.

Kila mwaka, alizeti ikishavunwa, ilifanyika Siku ya Kijiti. Mji mzima ulikusanyika sheli. Zebedayo alipanda ngazi akiwa amevaa koti lake la harusi, akafungua kifuniko cha juu, akatumbukiza ufito mrefu wa mwanzi mpaka uguse chini, akautoa na kuuinua watu waone unyevu umefika wapi. Ulikuwa palepale. Watu walipiga makofi. Ndipo mwenyekiti alipouliza swali lake la kila mwaka, "Tubaki au tushuke?" na mikono ikapanda: tubaki. Kushuka kulimaanisha kwenda kambi za bandarini, ambako mafuta bado yaligawiwa kwa kibaba, na mtu akisaini mkataba alipewa kitanda, chakula na namba ya kushonea kifuani. Baada ya kura ililiwa pilau. Mwaka mmoja alama ilipanda kidogo kupita ya mwaka wa nyuma. Zebedayo alisema ni joto, mchungaji akasema ni baraka, na mbuzi akachinjwa.

Mwaka huu, siku mbili kabla ya Siku ya Kijiti, Daktari Nsajigwa alikuja sheli asubuhi na dumu tupu mkononi. Ndiye aliyekuwa daktari pekee wa Lwangu, mtu mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Shikamoo, Baba Kiyama."

"Marahaba. Si leo."

"Sijasema kitu."

"Dumu limesema."

Daktari alilitua dumu chini. Alieleza taratibu kwamba mto umepungua mapema, mtambo wa maji unaotoa umeme wa mji unakohoa, na kiangazi kikikolea taa za chumba cha upasuaji zitazimika. Alitaka kulijaribu jenereta la hospitali kabla ya hapo. Kikao cha mji kilikuwa kimepitisha.

"Siku ya mwisho bado, Daktari."

"Kwa mama anayejifungua taa ikazimika mezani kwangu, siku yake ni hiyohiyo. Hangojei ya kwako."

Zebedayo alilivuta dumu upande wake. Akamwambia aache dumu, atalipeleka mwenyewe kabla ya mchana. Hakutaka mtu amwone akikata lakiri.

Alipobaki peke yake alichukua koleo, akapiga magoti chini ya tangi, akakata waya wa koki ya kwanza. Akafungua.

Yakatoka maji.

Alidhani ni ya mvua yaliyokwama kwenye bomba. Akayaacha yapite. Dumu lilijaa maji, akaweka beseni, likajaa maji. Baada ya hapo ukaanza kutoka ute mzito wa rangi ya kahawia, unaovutika kama mlenda uliolala, na harufu ya yai viza ikatanda sheli nzima. Akafunga koki. Akapanda ngazi, akafungua kifuniko, akateremsha kikombe kwa kamba na kuchota ya juu kabisa. Hiyo ilikuwa dizeli, lakini imechafuka, na ndani yake zilielea nyuzinyuzi za ute uleule. Injini yoyote ingekabwa koo kwa mafuta yale.

Ndipo alipoutazama mpira wa kifuniko. Ulikuwa umekauka na kupasuka pande zote. Miaka mingi alijua kwamba unahitaji kubadilishwa, na miaka mingi alikataa, kwa sababu kuubadilisha kungetaka tangi likae wazi kutwa nzima, na nani ajuaye mwizi anapita saa ngapi. Mvua ilikuwa imeingia msimu baada ya msimu. Maji yakashuka chini, yakaipandisha dizeli juu, na dizeli nyingine ikaliwa na vijidudu vinavyotoa ute ule. Ufito haukujua tofauti. Ulipima kina tu, na yeye alipanda pale juu kila mwaka akawainulia watu tope wakalipigia makofi.

Zebedayo aliketi kwenye tofali. Kitu alichokitabiri nusu ya maisha yake kilikuwa kimefika, na kilifikia kwake, ndani ya ulinzi wake, chini ya lakiri yake. Mtu mwingine angedhani angalau atapata raha ya kusema niliwaambia. Aliitafuta raha hiyo moyoni asiione. Alichokiona ni uchungu na aibu, na hofu mpya kabisa, kwa sababu safari hii haikuwa ya kubuni.

2

Alimtuma mtu kwa Daktari kusema koki imekwama. Huo ulikuwa uongo wake wa kwanza kazini. Kisha akatoka kwenda kiwandani kwa miguu, akipitia katikati ya mji.

Siku zote alipita mji huo akiangalia nyufa. Leo aliwaangalia watu. Fundi Mgaya alikuwa anaongeza chumba cha tatu kwenye nyumba yake, matofali yamepangwa vizuri, mlango umekwisha kupakwa rangi. Mbele kidogo, mjane mmoja aitwaye Tulalumba alikuwa anachimba mashimo ya miche ya parachichi.

"Hiyo itazaa lini?" Zebedayo alimuuliza, kwa mazoea tu.

"Itazaa nikiwa mzee, Baba Kiyama. Wajukuu watakula."

"Na kama mwakani hatupo?"

Tulalumba alicheka akaegemea jembe. "Tutakwenda wapi? Si tuna tangi?"

Alisema hivyo kwa wepesi, kama mtu anayesema tuna paa. Zebedayo alimtakia kazi njema akaendelea na safari. Alikuwa amedhani kwamba Lwangu imegawanyika, upande mmoja yeye na ukweli, upande wa pili hawa wenye furaha zao za bure. Kumbe furaha zao zote zilikuwa zimeegemea kwake. Walithubutu kupanda miti kwa sababu yeye alikuwa anaogopa kwa niaba yao.

Kiwanda kilikuwa ndani ya maghala ya zamani ya chai. Humo yalisimama mapipa marefu ya plastiki, na ndani ya mapipa waliishi vijidudu visivyoonekana kwa macho, uzao wa vijidudu vilivyotengenezwa katika maabara kubwa enzi maabara kubwa zilipokuwapo. Kazi yao ilikuwa kula makapi ya alizeti na magunzi ya mahindi na kutoa mafuta. Mji uliwaita wapishi. Kila nyumba ilichangia makapi, na kila nyumba ilituma mtu wa zamu kukoroga.

Mapipa yalisimamiwa na Kanisia Gama, mwanamke wa makamo kutoka Songea, aliyesomea kemia ng'ambo wakati ndege bado zikiruka. Alikuwa Mngoni, na Zebedayo alikuwa Mhehe, kwa hiyo walikuwa watani tangu kabla hawajazaliwa.

"Umekuja mwenyewe?" Kanisia alisema bila kuacha kukoroga. "Nilidhani Mhehe hutoka ndani siku ya kukimbia tu. Babu yangu alimkimbiza babu yako mpaka akaacha kiatu."

"Babu yako hakumkimbiza. Alipotea njia, akawa anamfuata aulize."

"Kaa hapo basi nikupe uji, nione kama leo dunia inakwisha kabla au baada."

Zebedayo hakukaa. "Nimefiwa," alisema.

Kanisia aliacha mwiko. Neno hilo halikutaniwa hivihivi. Mhehe akifiwa, Mngoni ndiye wa kuitwa kwanza: ndiye ashikaye jembe la kaburi, na ndiye pekee mwenye ruhusa ya kuchekesha msibani, kumwigiza marehemu, kudai nguo zake, ili wafiwa wapate kupumua.

"Pole. Nani?"

"Tangi."

Alicheka, na alikuwa na haki ya kucheka. Kisha akamtazama usoni, kicheko kikaisha chenyewe. Alifuta mikono kwenye khanga, akachukua chupa ya kioo na kikombe, akasema waende.

Pale sheli alifungua koki bila kuziba pua. Aliyaangalia maji, akayaachia yamwagike, na ute ulipoanza kutoka akakinga chupa. Aliiinua kwenye jua. Alikaa hivyo muda mrefu hata Zebedayo akaanza kukasirika.

"Hilo ni tope, mtani. Limekula kila kitu."

"Limekula nini?"

"Si dizeli?"

"Limekula dizeli, limelala ndani ya dizeli, limezaana ndani ya dizeli," Kanisia alisema. "Na bado lipo hai. Unajua wapishi wangu wana ugonjwa gani?"

Mji mzima ulijua. Wapishi walikufa ndani ya mafuta yao wenyewe. Ilikuwa kama pombe: ikikolea, chachu iliyoipika hufa. Pipa lililoingia magunia ya makapi lilitoa mafuta ya kujaza bilauri, na hapo wapishi wakawa wamelewa, wakalala, wakafa wote, na kazi ikaanza upya. Miaka yote Kanisia alikuwa anatafuta mpishi asiyelewa.

"Hawa hawalewi," alisema akitikisa chupa. "Hawajui kupika, wanajua kula tu. Wangu wanajua kupika, hawajui kunywa. Nikiwaweka pamoja, nikachagua watoto wao kizazi baada ya kizazi, huenda nikapata mmoja aliyerithi pande zote mbili. Na huenda nisipate."

"Huenda," Zebedayo alirudia. Lilikuwa neno alilolichukia kuliko yote.

"Dizeli hii ya juu nikiiacha itulie, nikaipitisha kwenye machujio yangu, Daktari atapata mapipa machache. Yatamtosha kiangazi hiki. Zaidi ya hapo hakuna kitu." Alikifunga kizibo cha chupa. Alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa ya chini. "Sasa nisikilize. Keshokutwa panda ngazi, tumbukiza ufito, waonyeshe alama."

Zebedayo alidhani hakusikia sawasawa.

"Alama iko palepale," Kanisia aliendelea. "Hutasema neno, utauinua tu kama siku zote. Nipe msimu mmoja. Wakijua leo, watashuka wote. Nani atanikorogea? Nani ataleta makapi? Siwezi kufanya kazi hii peke yangu na mapipa matupu."

"Wewe ndiye unayeniambia hivyo? Wewe wa tutaweza, tutaweza?"

"Tutaweza wakiwepo."

"Na Daktari akipasua mtu mwakani akijua nina akiba, wakati sina?"

Kanisia aliifuta chupa kwa khanga.

"Mimi nimewapa watu hawa habari mbaya miaka yote," Zebedayo alisema. "Nzige, hawakuja. Mlima utaanguka, haujaanguka. Kila asubuhi moja mpya. Leo nimepata moja ya kweli, moja tu, ndiyo niifiche?"

Walitazamana. Watani hao walikuwa wametukanana kila wiki kwa miaka bila kugombana hata mara moja, na sasa waligombana bila tusi hata moja. Kanisia alisema kwamba ukweli unaoua mji hauna faida kwa mtu. Zebedayo alisema mji ambao haujui unachokanyaga haukumpa yeye ruhusa ya kuuchagulia. Alishangaa kusikia maneno hayo yakitoka kinywani mwake. Kanisia aliondoka na chupa yake bila kuaga, na hilo lilimuuma kuliko harufu.

Nyumbani, Mama Onesmo alimwekea chakula, akangoja habari mbaya ya jioni. Hakuna iliyokuja. Alimgusa paji la uso kuona kama ana homa.

3

Siku ya Kijiti ilipambazuka na ukungu, halafu jua likatoka, na sufuria za pilau zikainjikwa upande wa pili wa barabara. Watu walikuja na viti vyao. Tulalumba alikuja na udongo bado kwenye kucha. Daktari alikuja na miwani yake ya uzi, akamuuliza Zebedayo kama koki imetengemaa, naye akamjibu kwamba leo itafunguka.

Alipanda ngazi na koti lake la harusi. Akafungua kifuniko, akatumbukiza ufito, akaugusisha chini, akautoa na kuuinua. Alama ilikuwa palepale. Makofi yakalia, mtu akapiga vigelegele, na mwenyekiti, mzee mnene aitwaye Luvanda, alikwisha kusimama na swali lake mdomoni.

Zebedayo alibaki amekiinua kijiti. Kutoka juu pale aliwaona wote kwa pamoja, na ilimjia wazi jinsi ilivyokuwa rahisi. Asingehitaji kusema uongo. Angeshuka tu, akala pilau, na mji ungeendelea kulala. Alimwona Kanisia nyuma ya umati, mikono kifuani, akimtazama. Kanisia hakumfanyia ishara yoyote.

Aliuweka ufito chini, akashuka ngazi. Watu wakadhani amemaliza. Alipiga magoti kwenye koki na kuifungua hadi mwisho.

Maji yalitoka mengi, yakatiririka mpaka miguuni mwa waliokaa mbele. Wengine waliinua viatu wakicheka. Kisha ute ukaja, na harufu, na kicheko kikakatika.

"Hiki ndicho nilichokuwa nawaonyesha," Zebedayo alisema. "Mvua iliingia kwa kifuniko. Mpira ulipasuka nikakataa kuubadilisha. Nililinda mlango nikasahau paa. Dizeli nzuri iliyobaki ni mapipa machache ya Daktari kwa kiangazi hiki. Akiba hakuna. Kosa ni langu, si la mtu mwingine."

Hakuna aliyemzomea, na ingekuwa afadhali wamzomee. Mama mmoja alimvuta mwanawe karibu kana kwamba mafuriko yanakuja. Fundi Mgaya alikuwa anatazama upande wa nyumba yake. Mtu wa nyuma alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba basi yeye anakwenda kufunga mizigo, na viti vikaanza kukunjwa.

Ndipo kilio kilipolipuka. Kilikuwa kilio kikubwa, cha kuvunja mbavu, na kilitoka kwa Kanisia Gama. Alipita katikati ya umati ameshika kichwa, nyuma yake Wangoni wengine wawili watatu wa mji, wote wakiomboleza, akaenda akajitupa juu ya gurudumu la tangi na kulikumbatia.

"Shemeji umeniacha!" alilia. "Umekufa hujaonja hata trekta! Uliozwa kwa Mhehe, akakufungia ndani mpaka ukaoza!"

Halafu Mama Onesmo, ambaye ndiye aliyekunywa uji na Zebedayo miaka yote hiyo, alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika ubavu, na aliyekuwa karibu naye akacheka, na kicheko kikatembea hadi kwa waliokwisha kukunja viti. Hata Zebedayo, aliyekuwa bado amepiga magoti kwenye tope, mabega yalimtikisika.

Kanisia alisimama akajifuta. "Haya. Mtani nimelia, nadai changu. Marehemu alikuwa amevaa nini?"

"Ute," mtu akamjibu.

"Basi ute ni wangu." Akaigeukia hadhara, na utani ukamtoka usoni. Aliwaeleza habari ya wapishi wanaolewa na hawa wasiolewa, na kwamba huenda. Hakuliruka neno hilo. Kisha akasema jambo ambalo halikutazamiwa. "Juzi nilimwomba Baba Kiyama awafiche hili. Nilitaka mnikorogee msimu mmoja bila kujua. Alikataa. Kwa hiyo mkiniletea makapi, mniletee mkijua, na anayeshuka ashuke kwa amani."

Tulalumba ndiye aliyesema kwanza. Alikuwa amekuja mpaka mbele, na hakumtazama Kanisia.

"Baba Kiyama," alisema, "wewe unashuka?"

Kila mtu aligeuka. Ilikuwa ni ajabu, mtu ambaye kwa miaka hakuna aliyemsadiki hata alipotabiri mvua, sasa walimkazia macho wote. Zebedayo alielewa sababu. Kanisia angesema tutaweza hata nyumba ikiungua. Lakini yeye, aliyeogopa kila kitu, akisema panakalika, basi panakalika.

Alitamani kusema la kuwatuliza, na alijua akilisema watalinusa.

"Sijui kama wadudu hawa watafaa," alisema. "Mkiniuliza, nadhani mwaka wa kwanza watakufa wote." Kuna aliyeguna. "Lakini juzi nilipita mjini nikitafuta kitu kitakachoanguka tangi likifa. Nikatafuta. Pampu? Mlimwagilia kwa ndoo. Daraja? Mlijenga kwa mikono. Hakuna aliyewahi kuwasha hata kibatari kwa mafuta haya, mimi ndiye niliyewanyima. Mmeishi miaka yote hii bila tone. Mlidhani mnaishi kwa tangi, na tangi lilikuwa maji." Alisimama, magoti yamelowa. "Siwezi kuona tulichopoteza jana kwenda leo, ila usingizi. Mimi sishuki. Kesho nakwenda kukoroga."

Luvanda alikohoa. Alikuwa ameuliza swali lile miaka mingi bila kulifikiria, na leo lilimtoka polepole.

"Tubaki," alisema, "au tushuke?"

Miaka yote Zebedayo hakuwahi kupiga kura. Alikuwa juu ya ngazi kila mara, mikono imeshika ufito, na hakuna aliyekumbuka kumhesabu. Leo alikuwa chini, katikati ya watu, na mkono wake ulipanda kabla ya mikono yote. Aliunyoosha hadi mwisho, akafumba macho, kwa sababu alikuwa na hakika kwamba yuko peke yake.

Alikaa hivyo. Bega lilimuuma, naye hakushusha. Alingoja viti vikunjwe, alingoja miguu iondoke, kama alivyongoja mabaya yote aliyowahi kuyangoja.

"Mtani," sauti ya Kanisia ilisema karibu na sikio lake. "Shusha mkono. Wamekwisha kutuhesabu, tunabaki, na pilau inapoa."